Upande wa Nyuma wa Picha ya Thelathini na Moja

Kitale, 14 Mei 2025

Kwako Phelista Wakiuru, mpwa wangu mwenye jina la mama yangu,

Kosa wanalolifanya watu wengi wakiingia katika nyumba ya kale ni kutazama picha upande mmoja tu. Utaniwia radhi kuanza na kosa kabla ya salamu, lakini jana nililishuhudia mara saba. Mara ya saba ilikuwa kwa kijana mmoja aliyeuinamia mchoro wa Mlima Elgon mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, kisha akaniuliza kama anayemuuliza babu yake, "Guka, hii ni AI?" Nikamwambia hii ni kazi ya Bi. Pryce, rangi za maji, mwaka 1961. Akasema, "Eh, alikuwa mkali bana," akaupiga picha kwa simu, akaenda zake. Sasa hiyo aliyoondoka nayo haina nyuma. Mchoro halisi una nyuma, na huko ndiko kuna tarehe, jina la duka lililouza karatasi, na mwandiko wa aliyeushika. Mbele ni sura, nyuma ni habari za sura.

Salamu sasa. Huku sisi tu wazima. Mahindi yamefika magotini. Mwanangu Ngige yuko Suam kwa biashara ya vitunguu, huja na kuondoka, kwa hiyo nyumbani tupo mimi na redio. Sikio la kushoto limekufa kabisa, ndiyo sababu nakuandikia badala ya kukupigia. Na tena kwenye simu mtu hujibu kabla hajafikiri. Mwambie mama yako, dada yangu Kabura, kwamba ndizi alizonitumia zilifika zikiwa zimeiva kuliko mimi.

Neno lenyewe ni hili. Nyumba ya Mierezi, ile ya mbao ambayo marehemu baba yako, Jairus, aliitunza kwa miaka kumi na tisa, siku hizi ni makumbusho, kama unavyojua. Kamati yake imeniomba niandike orodha mpya ya michoro yote ya Bi. Pryce, pamoja na historia ya kila mmoja, ichapwe kuwa kitabu cha wageni. Nilifundisha historia miaka thelathini na mmoja, na sasa sina kazi nyingine, kwa hiyo nimekubali.

Je, baba yako aliwahi kuleta nyumbani kitu chochote kutoka kule? Chochote, hata kidogo. Uliza polepole, na usimsumbue mama yako.

Mjomba wako,
Nderitu


Bungoma, 9 Juni 2025

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa kungoja. Ofisini kwetu, idara ya kilimo, hatukupumua mwezi wote. Wakulima wanataka mbolea, na mbolea haijui kuja mapema. Mama hajambo ila magoti. Bado anapigana na kuku wa jirani, na kuku ndio wanaoshinda.

Uliniambia niulize polepole. Mjomba, katika nyumba ya vyumba vitatu hakuna polepole. Nilikuwa nikiisoma barua yako jikoni, Mama akaniambia, "Soma kwa sauti, huyo ni kaka yangu kabla hajawa mjomba wako." Nikasoma. Nilipofika kwenye "chochote, hata kidogo," akaweka kikombe chini. "Ati chochote? Si aseme anachotafuta!"

Nitakuorodheshea, kwa kuwa unapenda orodha. Kutoka Nyumba ya Mierezi Baba alileta koti la mvua lililochanika bega, desturi ya kukunja leso kwa pembe nne, mbegu za yale maua ya zambarau yanayoota nyumbani kwetu Matulo mpaka leo, na fremu ya picha yao ya harusi. Fremu hiyo unaifahamu, maana umekaa chini yake kila Krismasi ukila chapati. Mama alipohamia kwangu hapa mjini baada ya mazishi, aliipakata njia nzima kama mtoto. Nilipoitaja tu, alisema, "Mwambie kaka yangu ukuta wangu si makumbusho. Akitaka kuuliza, aje aulize kwa mdomo wake." Basi hayo ndiyo majibu.

Na mimi nina swali. Hapa kwa watu wa baba yangu mjomba ni mtu mkubwa, na akinyamaza msibani watu husema kuna jambo. Siku ya kumzika Baba, mwaka 2019, ulipewa kipaza sauti uzungumze kwa niaba ya upande wa Mama. Ulisema koo linakuuma, ukakaa. Lakini jioni ile nilikusikia ukiwafokea vijana waliokuwa wakikunja hema. Koo lilipona saa ngapi?

Wako,
Phelista


Kitale, 16 Juni 2025

Kwako mama yangu mdogo,

Salamu kutoka kwetu sote, yaani mimi, maana Ngige bado yuko Suam. Mvua ni nzuri. Nashukuru kwa orodha yako, ina mpangilio.

Umeuliza ninachotafuta, au dada yangu ameuliza, na si haki kukuficha. Bi. Pryce aliandika orodha ya michoro yake mwaka 1978, akahesabu arobaini na miwili. Kila mmoja aliutia namba kwa penseli kwenye pembe ya chini, mkono wa kulia. Mwaka uliofuata aliondoka nchini na kuiacha nyumba pamoja na vilivyomo iwe ya umma, na funguo, ambazo baba yako alikuwa akimshikia tangu awali kama mtumishi wake, akamkabidhi rasmi. Mwaka 1998, baba yako alipostaafu, mimi na walimu wawili tuliitwa kuhesabu upya. Tulipata arobaini na mmoja. Uliokosekana ni wa thelathini na moja, na orodha inauita "Mwenye Funguo". Hatukuwa tumewahi kuuona, wala hatujui ulikuwa mkubwa kiasi gani.

Mwenyekiti wetu, Bi. Dinah, ni mama mwenye haki na haraka. Anasema kitabu cha wageni kisimfiche mtu: pale penye pengo, aandikwe aliyekuwa na funguo wakati kitu kilipopotea. Aliyekuwa na funguo ni mmoja tu, Phelista. Kitabu kinaenda kwa mpiga chapa mwanzoni mwa Oktoba. Nimeomba mstari huo uachwe wazi mpaka mwisho wa Septemba, nao wamekubali kwa shingo upande. Muda huo ukipita, watoto wa shule watasoma jina la baba yako kando ya neno "ulipotea", na hakuna atakayewaeleza kwamba alikuwa mzee wa kanisa.

Kuhusu koo, magonjwa ya koo huja na kuondoka.

Nderitu


Bungoma, 28 Agosti 2025

Mjomba,

Natumaini u mzima. Najua nimekaa zaidi ya miezi miwili. Kazi ilikuwa nyingi, halafu kukawa na mafunzo Ndalu, halafu nikapata mafua.

Habari za hapa ni mvua. Wiki mbili zilizopita msumari mmoja wa mabati ulilegea sebuleni na maji yakateremka ukutani usiku kucha bila sisi kujua. Fundi Bethwel amekuja akaziba, akaharibu pengine, akarudi akaziba. Maji yaliingia hata kwenye fremu ya harusi. Mama alikuwa Matulo kwa shemeji zake, kwa hiyo niliishusha mwenyewe na kuitoa picha ikauke. Wazazi wangu wako salama, ila mkono wa kushoto wa Baba umevimba kidogo kwenye karatasi.

Nina maswali mawili ambayo si yangu, ni ya mwenzangu kazini. La kwanza: karatasi ya zamani yenye rangi, kama imeguswa na unyevu pembeni, hukaushwaje isiharibike? La pili: ikiwa kitu cha serikali kimeonekana katika nyumba ya mtu aliyekwisha kufa, na watoto wake hawakujua kabisa, je, jina la marehemu huandikwa vipi? Na mjane wake hufanywa nini?

Mama amerudi. Hajui kwamba nakuandikia. Picha ya harusi nimeirudisha kwenye fremu na fremu nimeirudisha ukutani. Naomba barua hii usimwonyeshe mtu, hata Ngige.

Silali vizuri, labda ni yale mafua.

Phelista


Kitale, 3 Septemba 2025

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu, na pole kwa mafua. Kunywa tangawizi.

Kwanza karatasi, maana karatasi haingoji. Isiwekwe juani, wala karibu na jiko, wala isipigwe pasi, hata kama fundi Bethwel atashauri hivyo. Ilazwe mezani juu ya karatasi nyeupe isiyo na maandishi, sura juu, dirisha likiwa wazi. Rangi za maji husamehe unyevu kidogo zikiachwa zitulie, ila hazisamehe vidole.

Sasa la pili. Wakiuru, huna mwenzako kazini. Nilifundisha watoto wa watu kwa miaka mingi sana. Najua jinsi mtu anavyouliza swali la rafiki. Umeiona ya thelathini na moja. Ilikuwa nyuma ya harusi.

Basi na mimi nitoe la kwangu, maana nimekuwa mwoga kuliko wewe. Mwaka 1998, tulipomaliza kuhesabu, nilimfuata baba yako uani nikamuuliza, "Shemeji, ile ya thelathini na moja ilienda wapi?" Akacheka. Ulikijua kicheko chake, kile cha kurusha kichwa nyuma. Akasema, "Iko mahali pazuri." Akaendelea kufagia. Hakusema zaidi na mimi sikuuliza zaidi. Nilikwenda nyumbani nikaandika kwa penseli kwenye daftari langu: "Na. 31 haipo. J. anajua." Tangu siku hiyo nilikula chapati zake kila Krismasi, lakini sikumwita tena rafiki, wala hakuwahi kujua ni kwa nini. Siku ya mazishi nilipewa kipaza sauti ili niseme kwamba alikuwa mwaminifu, na neno likanikwama. Koo langu halikuwa na ugonjwa wowote.

Sasa nisikilize kama ulivyokuwa ukinisikiliza ulipokuwa darasa la nne nami nikikufundisha ramani. Umetazama mbele tu. Umeona namba 31, umeona rangi, ukaogopa, ukairudisha. Hilo ndilo kosa nililokuandikia mwezi wa Mei, na nimelifanya mimi mwenyewe miaka ishirini na saba. Mwizi huficha kitu darini au hukiuza. Sijapata kusikia mwizi anayekitundika sebuleni kwake, awakaribishe wakaguzi wakae chini yake.

Igeuze. Kama nyuma imebandikwa karatasi, usiivute. Chukua kisu chembamba cha meza, kipitishe ukingoni polepole kama unafungua bahasha ya mtu mwingine. Uniambie ulichokiona, hata kikiwa kibaya. Kikiwa kibaya tutakibeba wawili.

Nderitu


Bungoma, 7 Septemba 2025

Mjomba! Mjomba wangu!

Salamu zitafuata. Kaa chini kwanza.

Barua yako ilifika Ijumaa. Jumamosi nilingoja Mama aende kwenye kikundi cha kina mama, nikafunga mlango, nikaishusha fremu. Nilimenya vitunguu vinne kwanza ili nitulie. Nikaondoa harusi. Nikamtoa yeye, maana ni yeye, Mjomba. Sikukwambia mwezi uliopita kwa sababu nilishindwa kuandika. Ni Baba. Amesimama kwenye mlango wa Nyumba ya Mierezi, kijana, mguu mmoja wa suruali umekunjwa, kamba ya funguo mkononi, na mdomo wake uko kama anataka kukwambia kitu cha kukuchekesha. Kwenye jeneza tuliweka picha ya kitambulisho iliyokuzwa mpaka ikawa na madoadoa, na huyu alikuwa hapa ukutani muda wote!

Nyuma palibandikwa karatasi ya kalenda ya mwaka 1979. Nilipitisha kisu kama ulivyosema. Ilikuwa imeshikwa pembe nne tu. Chini yake kuna maandishi ya wino wa bluu, nayanakili kama yalivyo:

"Hii picha ya Jairus Wafubwa. Mimi nimempa yeye. Hapana ya nyumba. Kama mtu anauliza, mimi nasema hivyo. M. Pryce, 2 Februari 1979."

Nilisoma mara tatu, kisha nikaketi sakafuni nikalia kama mtoto. Sikusikia mlango. Kumbe kikundi kilivunjika mapema, na kufuli ya nyumba hii Mama anaifungua kwa nje kwa kijiko. Alisimama juu yangu na kiondo chake, akatazama fremu, akatazama kisu, akasema, "Kwa hiyo mmempata."

Nikasema, "Mama, ulijua?"

"Si ni mimi niliyeshika gundi!"

"Na hukusema?"

"Nani aliniuliza? Mmeandikiana tangu Mei kama wachumba, na mimi niko hapa jikoni nikiwapikia chai. Ati nisisumbuliwe! Nilisema aje aulize kwa mdomo wake. Alikuja?"

Akakaa kwenye kochi, akaichukua ile picha mapajani, akanieleza. Baba aliipenda sana zawadi ile, lakini hakutaka kuitundika. Alisema picha ya mtu peke yake ndani ya fremu kubwa ni ile inayobebwa mbele ya jeneza, na yeye hakutaka kunywa chai kila asubuhi akijitazama akiwa marehemu. Kuiweka kabatini nako aliona ni kumtukana aliyempa. Basi akaweka harusi juu yake. "Aliniambia, 'Kabura, wewe ukiwa mbele yangu, mimi bado niko hai,'" Mama akasema. "Akanikataza isibebwe mazishini, na sikuibeba. Ninyi mlihangaika na kitambulisho, mimi nikanyamaza."

Nilimuuliza kama alijua ulimshuku Baba. Akasema, "Jairus hakujua. Alidhani Nderitu amekuwa mzee mapema. Mimi nilijua tangu siku ya koo. Nilikuwa nangoja."

Ngige ataona kwenye simu yake picha mbili nilizomtumia, mbele na nyuma. Usiseme tena kwamba simu haina nyuma. Linganisha mwandiko, tafadhali, ili Bi. Dinah asije akasema nimeandika mimi.

Jana nililala saa kumi na moja mfululizo. Mafua yamekwisha.

Phelista Wakiuru


Kitale, 11 Septemba 2025

Kwako Wakiuru, na kwako Kabura, dada yangu, maana najua barua hii inasomwa kwa sauti,

Nawasalimu nyote wawili. Sisi tu wazima, na leo sisemi neno hilo kwa desturi tu. Ngige amerudi na magunia ya vitunguu, na nyumba nzima inatoa machozi, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza yangu yanatoka wapi.

Nimelinganisha mwandiko. Ile J yenye mkia mrefu iko mara kumi na nne katika orodha ya 1978, na ile ya nyuma ya picha ni ya kumi na tano. Bi. Dinah alivaa miwani, akasoma, akaivua, akasema, "Hapana ya nyumba. Basi ni hapana ya nyumba." Akalifuta mwenyewe neno "ulipotea". Nimeieleza kamati jambo ambalo mwalimu wa historia alipaswa kulijua tangu mwanzo: orodha iliandikwa 1978 na zawadi ikatolewa 1979. Orodha haikukosea, ilipitwa tu na siku. Mimi nikaona pengo nikatafuta mwizi, badala ya kujiuliza ni nini kilichotokea baada ya wino kukauka. Na jina lake lilikuwa mbele ya macho yangu miaka yote hiyo, "Mwenye Funguo". Sijui nilidhani ni nani mwingine.

Kitabu kitasema hivi, na nimeandika mstari huo mara nne mpaka ukanitosha: "Na. 31. Mwenye Funguo. Ni Jairus Wafubwa wa Matulo, aliyeitunza nyumba hii miaka kumi na tisa bila kupoteza kitu. Mali ya mjane wake, Kabura." Kamati inaomba, kwa heshima, kama Kabura ataridhia picha ikae kwetu mwezi mmoja tukizindua kitabu. Akikataa hatutauliza tena. Ukuta ni wake.

Katika daftari langu la 1998 nimefuta ile penseli. Haikufutika yote, kivuli kimebaki, nami nimekiacha.

Kabura, ulisema nije niulize kwa mdomo wangu. Nakuja Jumapili na Ngige, asubuhi, kabla ya ibada. Nitauliza, ingawa jibu ninalo. Halafu, kama nyote wawili mtaniruhusu, twende Matulo, nisimame kaburini kwake, kando ya yale maua ya zambarau, niyaseme niliyopaswa kuyasema nikiwa na kipaza sauti. Hayatakuwa marefu. Shemeji yangu hakupenda hotuba. Nilikaa chini ya uso wake karibu Krismasi arobaini nikiomba chapati nyingine, na nadhani huko aliko bado anacheka, kichwa nyuma.

Na wewe Phelista, kabla hujairudisha fremu ukutani, kuna upande mmoja ambao bado ni mtupu. Miaka hamsini ijayo mtoto wa mtoto wako atauliza wale wawili waliovaa vizuri ni kina nani, na huenda asiwepo Kabura wa kumjibu. Usingoje Jumapili. Leo, chukua penseli laini, igeuze picha ya harusi, uandike nyuma yake majina yao yote na mwaka waliooana.

Nderitu